Siku Tatu Ziwa Ngozi

Sisi wa Njombe tu watu wa miti. Tangu mwaka 1949, kampuni ya miwati ilipoanzishwa huku kwetu, miwati, kisha misindano na milingoti, imeenea vilimani, na leo mtu asafiriye kwenda Makambako huona safu za miti kulia na kushoto, zimenyoka kama wanafunzi wa gwaride. Mtoto wa huku akitajiwa msitu huziwaza safu hizo, na baba yake huwaza mbao. Wala si vibaya, maana nyumba nyingi zimeezekwa bati, na ada nyingi zimelipwa, kwa miti hiyo. Lakini sisi walimu watatu tuliona haifai vijana wetu wamalize masomo bila kuuona msitu usiopandwa na mtu. Basi likizo ya Juni tukawachukua vijana 19, wavulana na wasichana, kwa idhini ya wazazi wao, tukaenda nao Ziwa Ngozi, katika mkoa wa Mbeya.

Makambako, kwenye njia panda, tulibadili gari. Huko Uyole tukaiacha barabara kuu, tukashika ile ya Tukuyu, hata tukashuka kijiji cha Isongole. Ruhusa tulikuwa tumekwisha kuiomba, tukapiga mahema yetu pembeni ya msitu. Kwa kuwa kukata kuni ni marufuku, tulipikia mkaa tuliokuja nao, viazi na maharage ya nyumbani. Baridi ya usiku haikututisha. Mtu aliyezaliwa Njombe hafundishwi baridi.

Siku ya pili mwenyeji mmoja akatuongoza. Mara tu tulipoingia msituni, makelele ya vijana yakakoma yenyewe. Hapakuwa na safu. Mti mkubwa ulisimama juu ya mwingine ulioanguka na kuoza, na kati yao palikuwa na migomba ya mwitu, na kamba za mimea inayotambaa, na mianzi mingi. Kijana mmoja akauliza kama mianzi ile hugemwa ulanzi. Mwenyeji akacheka, akasema kwamba hiyo ni ya namna nyingine, haitoi kitu. Nasi tukafurahi kuwa safari yetu imeepukana na hatari hiyo.

Tulipanda kwa taabu, tukishika mizizi, hata tukafika ukingoni. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Tukangoja. Halafu upepo ukauondoa, na chini yetu, mbali sana, likatokea ziwa, kijani na limetulia, lenye urefu wa kilometa 2 na nusu hivi, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Zamani palikuwa na mlima wa moto, ukalipuka na kudidimia, na maji yakajaa mahali pake; wala hapana mto utokao humo. Wenyeji wana masimulizi mengi ya ziwa hilo, nasi tuliyasikiliza kwa adabu. Wavulana walitaka kuteremka majini. Mteremko ni mkali mno, tukawakataza, wakanuna mpaka wakati wa chakula.

Wakati wa kurudi, msichana mmoja aliinama akashindilia mkono katika majani yaliyooza. Maji yakatoka kati ya vidole vyake. Akasema, “Mwalimu, ni Juni. Kwetu chini ya misindano pakavu, na kisima chetu cha bondeni hukauka mwezi wa Septemba. Mbona hapa maji yapo?” Tukamweleza namna udongo wa majani unavyoyashika maji na kuyaachia polepole, na namna mlingoti unavyoyanywa. Akanyamaza. Tulijua sababu: milingoti ya baba yake imekizunguka kisima hicho, juu ya vinyungu vya mama yake.

Baada ya likizo tulimwendea baba huyo. Akatupokea vizuri, “Kamwene, walimu,” akatukalisha. Tukamkumbusha kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kuharibu chanzo cha maji ndani ya meta 60. Akajibu, “Naijua. Lakini mwaka ujao binti yangu huyu anaingia kidato cha tano. Nikiing'oa sasa, mtamlipia ninyi?”

Hatukuwa na fedha hizo, wala hatukujifanya kuwa nazo. Tulizungumza mpaka jua likachwa. Mwisho mama ndiye aliyesema: miti iliyokomaa ikatwe na kuuzwa, binti asome, ila visiki vilivyo karibu na kisima visiachwe kuchipua. Mzee akatazama bonde kwa muda mrefu, kisha akakubali kwa vile vilivyo ng'ambo hii tu. Za ng'ambo ya pili ni shamba la ndugu yake, nasi kwake hatujafika bado.