Hesabu Ni Kazi Gani?

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara kuu, akisha kupita Sultan Hamud na Emali, hufika Kiboko kabla hajaingia Makindu. Ni nchi ya joto na miti ya miiba, na mvua yake si ya kutegemewa. Lakini upo mto mdogo wa chemchemi, na karibu na maji hayo kipo kituo cha utafiti wa kilimo, ambacho zamani kilikuwa chini ya KARI na leo ni cha KALRO. Hapo ndipo alipokulia binti mmoja ambaye habari zake zafaa kusimuliwa, kwa kuwa alichagua elimu ambayo wengi huiogopa na wachache huijua maana yake.

Mama yake alikuwa kibarua katika kituo hicho. Mahindi ya pale hayapandwi kama yapandwavyo na wenyeji. Shamba hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande huwekewa kijiti chenye namba ya mbegu. Tena namba hizo hazifuatani: ya saba huweza kufuata ya pili, kisha ikaja ya kumi na nne, kisha ya tano. Watoto waliopita njiani walicheka wakisema kwamba aliyepanda hakujua kuhesabu. Binti alipomwuliza mama yake sababu, alijibiwa, "Mwanangu, sisi hupanda pale tunapoonyeshwa. Sababu wanaijua wenyewe."

Mwaka 2014 binti huyo aliitwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea shahada ya hesabu. Chuo hicho kilifungua milango mwaka 1956 kwa jina la Royal Technical College, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Nyumbani walifurahi, ila furaha yenyewe ilichanganyika na mashaka. Jirani aliyempeleka mwanawe kusoma uuguzi alijua kwamba mwanawe atakuwa mwuguzi. Aliyempeleka wake kusoma sheria alijua atakuwa wakili. Baba wa binti huyu alipoulizwa mwanawe atakuwa nani, hakuwa na jibu.

Naye alikuwa na sababu yake ya kushuku. Alisoma shuleni katika miaka ya 1970, wakati wa zile zilizoitwa hesabu mpya, zenye maneno mengi juu ya seti, ambazo serikali iliziondoa shuleni mwaka 1981. Alikuwa akisema kwamba alifundishwa kuyazungushia maembe duara, lakini hakufundishwa kuyauza. Binti huyo alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na kwa desturi ya Wakamba baba yake humwita Mama. Jioni moja alimwuliza, "Mama, hesabu ni kazi gani?" Binti akanyamaza, maana yeye mwenyewe hakujua.

Alipofika chuoni aliona mambo ambayo hakuyatazamia. Katika shule ya sekondari hesabu ilikuwa kutafuta jibu, na mwenye kupata jibu upesi ndiye aliyesifiwa. Chuoni jibu mara nyingi lilitolewa tangu mwanzo, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuonyesha kwa nini ni lazima liwe hilo na lisiwe jingine. Katika jaribio la kwanza alijaza kurasa nne za hesabu safi, akapata alama 9 katika 30. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwamba amehesabu vema, lakini hakuthibitisha hata neno moja.

Yeye ambaye tangu darasa la kwanza hakuwa ameshindwa hesabu hata siku moja, aliona haya hata akashindwa kula. Mwezi wa Desemba alirudi Kiboko akawaambia wazazi wake habari hiyo. Baba yake hakumkemea. Alimshauri tu aombe kuhamia masomo mengine yenye kazi inayojulikana, kwa kuwa karo haikupatikana bila jasho. Binti alikubali moyoni, akarudi Nairobi akikusudia kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Barua hiyo hakuiandika, na kilichomzuia ni jambo dogo. Siku moja darasa lilifundishwa habari ya namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama vile 2, 3, 5 na 7. Je, namba hizo zina mwisho? Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Euclid, mtaalamu wa Kigiriki wa mji wa Alexandria katika Misri, alionyesha kwamba hazina mwisho, na hoja yake ni fupi. Chukua namba tasa zote unazozijua, uzizidishe pamoja, kisha ongeza moja. Jumla hiyo ukiigawanya kwa yoyote katika zile ulizozichukua, daima hubaki moja. Basi, ama jumla yenyewe ni tasa, ama yagawanyika kwa namba tasa nyingine ambayo hukuwa nayo. Mwenye 2, 3 na 5 atapata 31, ambayo ni tasa mpya. Hata mtu akikusanya namba tasa milioni moja, ipo nyingine nje ya kapu lake.

Binti aliirudia hoja hiyo usiku, akitafuta mahali penye tundu, asipaone. Ndipo alipotambua jambo lililomgeuza nia. Hoja ile haikumtaka mtu amwamini Euclid kwa uzee wake wala kwa sifa zake. Mtoto wa kibarua aliweza kuisimamia mbele ya profesa, na profesa asiweze kuipinga kwa cheo chake. Tangu siku hiyo alianza kusoma upya, polepole, akijiuliza kila mstari: Hili nalijua, au nalidhani tu?

Katika mwaka wa pili lilikuja somo la takwimu, na ndani yake habari ya kupanga majaribio. Mwalimu alichora ubaoni shamba lililogawanywa mafungu, na kila fungu vipande, na ndani ya vipande namba zisizofuatana. Binti aliduwaa, maana vile vilikuwa vijiti vya Kiboko.

Mwalimu alieleza kwamba njia hiyo ilienezwa na Mwingereza Ronald Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted mwaka 1919, na mwaka 1935 akatoa kitabu juu ya kupanga majaribio. Hoja yake yaeleweka na mkulima yeyote. Ukipanda mbegu moja yote upande wa bondeni na nyingine yote upande wa kilimani, kisha ya bondeni ikazaa zaidi, huwezi kujua ni mbegu iliyoshinda au ni udongo. Kwa hiyo shamba hugawanywa mafungu, kila mbegu ikaingia katika kila fungu, na mahali pake hupatikana kwa kura, ili pasiwe na mtu wa kuipendelea. Mbegu 10 tu zaweza kupangwa katika fungu moja kwa njia 3,628,800. Kwa kuwa kura ndiyo iliyochagua, mtu aweza kukadiria ni tofauti kiasi gani ingetokea kwa bahati tu, na ni kiasi gani haielekei kuwa ya bahati. Huko Kiboko majaribio ya ukame hupandwa wakati wa kiangazi, mahindi yakanyweshwa maji, kisha maji yakakatwa karibu na wakati wa kuchanua, ili ionekane ni mbegu gani yenye kuvumilia.

Mwezi wa Oktoba 2016, kabla ya mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo kubwa la wakulima wa Ukambani, baba yake alitaka kuuza mbuzi wanne ili anunue mbegu mpya ya dukani, aipande katika ekari zake zote nne. Siku zote alikuwa akipanda mahindi ya Katumani kwa mbegu aliyojiwekea mwenyewe. Lakini jirani yake alikuwa amepanda ile mpya msimu wa vuli uliotangulia, akavuna vizuri sana.

Binti alikuwa amefika nyumbani kwa sikukuu ya Mashujaa. Akauliza kwa adabu, "Baba, jirani alipanda upande gani wa shamba lake?"

"Kule chini, karibu na mkondo."

"Na Katumani yake aliipanda wapi?"

Mzee alifikiri kidogo. "Hakuipanda mwaka huo."

"Basi, Baba, tutajuaje kwamba aliyemlisha ni mbegu, wala si ule mkondo, wala si mvua ya mwaka ule?"

Mzee hakupenda kuulizwa hivyo na mtoto, lakini swali lenyewe hakuweza kulikwepa. Mwishowe walikubaliana kuuza mbuzi wawili tu. Shamba likagawanywa vipande vinane vya nusu ekari, viwili viwili vilivyo jirani, na katika kila jozi binti akarusha sarafu kuamua mbegu ipi ikae wapi. Wapita njia walicheka, kama watoto walivyocheka zamani.

Mvua ilinyesha kidogo, kisha ikakatika kabla mahindi hayajachanua. Mwezi wa Januari binti alipima magunzi machache yaliyopatikana. Katika jozi mbili mbegu mpya ilizidi kidogo. Katika mbili nyingine ilizidi Katumani. Tarehe 10 Februari 2017 serikali ilitangaza kwamba ukame ule ni janga la taifa.

"Haya," akauliza mzee, "mbegu gani iliyo bora?"

"Baba, hatujui. Mazao haya ni machache mno, hayawezi kutuambia."

Mzee alitazama shamba lake kwa muda mrefu. "Ni kweli," akasema. "Hatujui." Katika maisha yake binti hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Mbuzi wawili waliobaki waliuzwa juma lile, kwa bei hafifu, maana kila mtu alikuwa akiuza. Na fedha zao zikawa sehemu ya karo. Alipomsindikiza barabarani kupanda basi, mzee alimwambia, "Mama, nenda ukaimalize hiyo hesabu yako."

Aliimaliza mwaka 2018. Kazi haikuja upesi; alikaa zaidi ya mwaka mmoja bila mshahara, na maswali ya majirani yakarudi. Leo anafundisha katika shule ya sekondari, na mshahara wake si mkubwa. Kwa hiyo asije mtu akawadanganya wazazi kwamba elimu hii ni njia fupi ya kupata mali.

Lakini lile swali la baba yake sasa lina jibu. Kazi ya hesabu ni kumfundisha mtu kutenga anachokijua na anachokidhani, na kuwa na ujasiri wa kukiri pale panapokosekana hakika. Katika nchi ambayo mvua ikikatika watu hulala na njaa, mtu wa namna hiyo ana faida kijijini, hata kama kazi yake haina jina. Mzazi ambaye mtoto wake ataitwa kusoma hesabu, na asimzuie kwa kuwa jirani hajui mtoto huyo atakuwa nani.