Leseni ambayo kompyuta inaweza kuisoma

Leo nina kisa cha aibu kidogo, na aibu yenyewe ni yangu.

Nilimtengenezea mteja tovuti. JavaScript yake nyingine niliiandika mwenyewe kwa leseni ya GPL toleo la 3, nyingine ilikuwa jQuery, ambayo leseni yake ni MIT. Nikajisifu kwa rafiki yangu kwamba humo ndani kila kitu ni programu huria. Akaifungua kwenye kivinjari chake. Menyu hazikufunguka, fomu ikagoma. Kumbe jamaa hutumia LibreJS, nyongeza ya kivinjari kutoka mradi wa GNU, ambayo huzuia JavaScript yoyote isiyo ya kitoto mpaka ijue leseni yake.

"Sasa uhuria uko wapi?" akaniuliza.

Nikarudi kwenye faili. Kabla ya kupakia kazi kwenye seva, huwa naipitisha kwenye programu ya kubana msimbo ili kurasa zifunguke haraka. Programu hiyo hufuta nafasi, hufupisha majina na, kwa jinsi nilivyoipanga, hufuta maelezo yote. Leseni zangu zilikwenda na maji! Na MIT, pamoja na upole wake, inadai notisi ya hakimiliki ibaki kwenye kila nakala. GPL nayo inadai mpokeaji aweze kupata msimbo asilia, si ule uliobanwa. Kila mgeni wa tovuti ile alipokea nakala bila kimoja wala kingine.

Hili ndilo jambo ambalo Richard Stallman alilionya mwaka 2009 katika makala yake kuhusu mtego wa JavaScript: programu inaingia na kukimbia kwenye kompyuta yako bila wewe kuisakinisha wala kuulizwa.

Tiba ni rahisi, na ziko mbili. Ya kwanza, unaanza msimbo kwa mstari wa maelezo wenye @license, kiungo cha magnet na jina la leseni, kisha unafunga kwa @license-end. Kiungo kile hutokana na maandishi ya leseni yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha hata herufi moja hakilingani tena. Ya pili, unatengeneza ukurasa wenye jedwali la safu tatu: faili, leseni yake, na mahali pa kupata msimbo asilia. Halafu unaweka kiungo cha kwenda huko chenye rel="jslicense".

Nilichagua jedwali, kwa sababu hata mtu wa kawaida analisoma. Kazi ya jioni moja tu.

Lakini tusidanganyane. LibreJS inasoma lebo, haithibitishi ukweli wake. Ukibandika GPL kwenye msimbo wa wizi, itakuamini. Lebo ni ahadi, na mwenye kuitimiza ni wewe.

Hebu fungua faili moja ya tovuti yako sasa hivi. Mistari ya kwanza inasema nini?

Haya, tukutane tena.