Rali ya Siku Tatu, Viatu vya Miaka Minne

Nilizikuta risiti kwenye mfuko wa jinzi yake wakati natenga nguo za kufua. Matairi manne. Shokapu za mbele na za nyuma. Keria ya juu. Jumla milioni mbili na laki nane, na hela yenyewe ilikuwa imetoka kwenye akaunti yetu ya pamoja, ile tuliyokuwa tunaiita "ya kiwanja".

Wenzangu mlioolewa mnanielewa. Nilimsubiri sebuleni. Alipoingia nikamwekea zile risiti mezani, sikusema neno. Akacheka, eti: "Mke wangu, si nilikuambia? Hii ni kwa ajili ya watoto."

Watoto gani? Ilikuwa Julai 2018, tuna miaka miwili ya ndoa na hatujapata hata mmoja. Nikanuna. Usiku ule kila mtu aligeukia ukuta wake.

Kumbe kweli aliniambia, sema mimi nilikuwa nasikiliza nusunusu. Yeye na washikaji zake wa kazini walikuwa wamepanga rali ya hisani: magari kumi na moja, Dar mpaka Korogwe na kuzungukia Handeni, siku tatu, kila gari lichangishe fedha za kusaidia watoto wenye ulemavu. Hayakuwa mashindano ya mwendo, maana barabara ni za watu wote na trafiki wapo. Kila gari lilipewa orodha ya vituo vya kufikia, na alama zilihesabiwa kwa vituo na kwa michango.

Mume wangu ana ugonjwa wa rali, kaurithi kwa baba yake. Wengine wanajua wachezaji wa Simba na Yanga, yeye anajua madereva. Atakusimulia kwamba Safari Rally ilianza mwaka 1953, kwamba miaka ya 1960 ilikuwa inakatiza Kenya, Uganda na hapa kwetu, na kwamba Bert Shankland, aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, aliichukua mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Ukimwachia hanyamazi mpaka chai ipoe.

Lakini alikuwa na hoja moja nzito. Wakenya, alisema, wana Rhino Charge tangu mwaka 1989. Magari yanaingia porini, na mshindi si yule anayewahi, ni yule anayepita vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Kila timu inachangisha fedha kwanza. Fedha hizo ndizo zilizosaidia kujenga uzio kuzunguka milima ya Aberdare, kilometa zipatazo 400, ukakamilika mwaka 2009.

"Uzio ule unaweza kwenda kuushika," akaniambia. Akafikiri kidogo. "Ila usiushike, una umeme."

Nikacheka bila kupenda. Kisha nikamuuliza: "Na nyinyi mtatuonyesha nini cha kushika?" Hakunijibu. Tukakubaliana hela ya kiwanja irudi kabla ya Desemba, na mimi niende naye kama msoma ramani. Sababu yangu ilikuwa moja: magari yangelala Korogwe, na pale Kilole ndiyo kwetu.

Kazi ya kuchangisha ndiyo iliyonifungua macho kwanza. Kwenye harusi yetu kamati ilikusanya milioni kumi na nne kwa wiki saba. Watu walituchangia kwa ajili ya usiku mmoja wa ukumbi, keki na pilau, na asiyetoa alionekana mbaya. Safari hii tukawaandikia watu walewale kuhusu watoto. Ahadi zikamiminika, milioni sita na zaidi. Siku tunaondoka Dar, Septemba, mkononi tulikuwa na milioni mbili na laki tatu. Wenye ahadi zao wengine walikuwa hawapokei simu.

Tulipofika Segera kula mchana nilitoa kalamu nikaanza kuandika nyuma ya ramani. Gari milioni mbili na laki nane. Mafuta, malazi, fulana zenye nembo, chakula. Nikajumlisha. Gharama zetu sisi wawili zilikuwa zimeshapita kile tulichowachangishia watoto. Nikakunja ramani nikanyamaza. Sikutaka kumharibia siku yake, alikuwa anaendesha huku anapiga mluzi.

Kilole tuliingia jioni, jua linazama nyuma ya mashamba ya mkonge, milima ya Usambara imeanza kuwa ya buluu. Shangazi yangu alikuwa ameshasonga bada na kuunga samaki. Watoto wa mtaa mzima wakaja kushangaa gari lenye namba mlangoni. Mume wangu alijisikia kama Shankland mwenyewe.

Pale nyumbani nikamkuta dada mmoja mdogo, wa miaka ishirini hivi, mpwa wa marehemu mume wa shangazi, katokea kijiji cha ndani huko Handeni. Alikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni. Alipomshusha amnyonyeshe nikaona nyayo. Zote mbili zilikuwa zimepindia ndani, kama zinatazamana. Miguu kifundo.

Nikajifanya mjuaji. "Mdogo wangu, mbona hujampeleka hospitali?"

"Nimempeleka, dada. Alifungwa hogo mara tatu."

"Ikawaje?"

"Nauli ikaisha."

Alisema hivyohivyo, bila kulalamika. Shangazi ndiye aliyemalizia, kwa sauti ya chini: kutoka kijijini kwao ni bodaboda mpaka barabara kubwa, halafu basi, halafu basi jingine. Kwenda na kurudi, kila wiki. Na baba wa mtoto alishasema kwao hakuna kitu kama hicho, basi mama ajue alikokitoa. Akaenda zake.

Ngoja niwaeleze kitu nilichojifunza baadaye, kwa sababu wengi wetu tunaotegemea kuzaa hatukijui. Miguu kifundo si laana, wala si kwa sababu mama alimcheka kilema. Duniani humpata takriban mtoto mmoja katika kila elfu wanaozaliwa. Na inatibika. Daktari mmoja mzaliwa wa Hispania, Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi chuo kikuu cha Iowa kule Marekani na kufariki mwaka 2009, alionyesha kwamba kwa watoto wengi huhitaji upasuaji mkubwa. Unauvuta mguu taratibu kwa mkono, unaufunga hogo kutoka vidoleni mpaka pajani, wiki ijayo unalifungua, unavuta tena kidogo, unafunga tena. Mara tano, sita, saba hivi. Wengi huchanjwa kidogo kwenye mshipa wa kisigino, wanafungwa hogo la mwisho kwa wiki tatu. Baada ya hapo ni viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya mwanzo, halafu wakati wa kulala tu, mpaka mtoto afike miaka minne au mitano. Viatu vikiachwa mapema, mguu unarudi kulekule.

Soma tena hayo maelezo. Kila wiki. Miaka minne. Kwa yule dada shida haikuwa dawa, wala hakuwa mama mzembe. Shida ilikuwa barabara.

Kesho yake tukaondoka Kilole asubuhi. Kilometa 65 za Korogwe mpaka Handeni ni lami, tukateleza tu. Baada ya Handeni tukaishika barabara ya Kibirashi, ambayo wakati ule ilikuwa bado ya vumbi, na hapo ndipo raha ya wanaume ilipoanza. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mume wangu anakata kona, mimi nasoma ramani, tunapiga kelele kama watoto. Nakiri nilifurahi. Shokapu mpya kweli zilifanya kazi.

Tukaipita bodaboda moja. Nyuma ya dereva mama kaketi upande, khanga kajifunika uso kwa ajili ya vumbi letu, na kati yao kuna mtoto. Hakuwa yule dada, alikuwa mama mwingine tu anayekwenda zake. Lakini mume wangu alipunguza mwendo ghafla mpaka gari la nyuma likatupigia honi. Akaegesha pembeni.

"Yule binti wa jana," akasema, "anapita njia kama hii kila wiki?"

"Alikuwa anapita."

Akashika usukani kimya. Kisha akauliza, na ninamheshimu kwa kuliuliza mwenyewe kabla sijalitamka: "Shokapu za mbele peke yake ni nauli ya safari ngapi?"

Nikamfungulia ile ramani, nikamwonyesha hesabu ya Segera. Aliisoma mpaka mwisho. Hakujitetea. Aliniambia "samahani", na nilijua hakuwa anazungumzia watoto tu, alikuwa anazungumzia pia zile risiti.

Siku ya tatu wenzetu walipanda Dindira kwenda Bumbuli na Soni. Sisi tulirudi Kilole, tukampakia yule dada na mwanawe, tukawapeleka hospitali. Alama zote za siku hiyo zikapotea. Msidhani ninajisifu, kwa sababu nesi alitukata maini palepale: mtoto alikuwa ameacha wiki nyingi, hivyo anaanza upya, hogo la kwanza. Safari yetu moja na gari letu zuri haikuwa imetibu kitu. Kilichohitajika kilikuwa Alhamisi ijayo, na Alhamisi nyingine, na nyingine.

Kazi ngumu kuliko Kibirashi ilikuwa kikao cha kufunga hesabu. Mpango ulikuwa kununua mablanketi, madaftari na maboksi ya biskuti, kukabidhi mbele ya kamera, kila mtu na fulana yake. Mume wangu akasimama akasema fedha ziwe nauli. Kimya. Mmoja wetu, mtu mzuri tu, akasema ukweli wake: "Ndugu yangu, nauli haipigwi picha. Waliochanga watataka kuona kitu."

Nami nikakumbuka swali langu la uzio. Nilitaka kitu cha kushika, na kumbe kile kilichohitajika zaidi hakishikiki. Nauli inaliwa na barabara. Anachobaki nacho mchangiaji ni jina la mtoto kwenye daftari na tarehe alizohudhuria kliniki. Tulibishana mpaka saa nne usiku, na mwisho ikawa nusu kwa nusu: nusu vitu, nusu nauli. Mimi na mume wangu tukasema gharama za gari letu ni starehe yetu, tusizihesabu kama mchango. Wawili watatu walinuna. Lakini waliofuata, mwaka uliofuata, walifanya hivyohivyo.

Yule mtoto alifungwa mahogo sita, akachanjwa, akavaa viatu. Kila Jumatano jioni mume wangu alituma nauli kwa simu. Haikunyooka kama barabara ya lami. Mtoto alipofika miaka miwili majirani walimwambia mama yake, "Si anatembea huyu? Mtoe hayo machuma." Akayatoa. Baada ya miezi mguu wa kushoto ukaanza kupinda, tukarudi kwenye hogo tena. Shangazi ndiye aliyekwenda kukaa naye wiki tatu, usiku anavikagua viatu kwa tochi.

Leo anasoma shule ya msingi na anacheza mpira, tena beki. Ningependa kuwaambia kwamba baba yake alirudi. Hakurudi.

Na sisi? Hela ya kiwanja ilirudi Machi badala ya Desemba. Kiwanja tukanunua mwaka mmoja baadaye kuliko tulivyopanga, na mbali kidogo kuliko tulivyotaka. Tukawekeana sheria ambayo haijavunjwa mpaka leo: hela ya pamoja ikizidi laki mbili, tunakaa mezani kwanza. Gari tumeshaliuza. Keria ya juu aligoma kuiuza, iko stoo.

Kama wewe na mwenzio mnafikiria kufanya jambo la hisani, iwe rali, mbio za barabarani au chakula cha jioni, fanyeni, raha haina ubaya. Lakini kaeni kwanza na kalamu. Andikeni upande mmoja kinachokwenda kwenye starehe yenu na upande wa pili kinachomfikia mtoto. Kisha muulizeni mama wa huyo mtoto anakwamia wapi. Sisi tulitoka Dar na magari kumi na moja, na mtu wa kwanza kutuambia shida ilipo alikuwa binti wa miaka ishirini aliyeketi kwenye mkeka pale Kilole, na alihitaji maneno mawili tu.