Mzee wa Mdomo wa Bata

Nyumbani kwetu Ilala neno jazz halikuwa na fumbo. Lilikuwa kama jina la ukoo: Nuta Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Dar es Salaam Jazz. Jumamosi jioni baba akishapaka viatu rangi na kusema anakwenda jazz, mama alijua mtu huyo atarudi alfajiri, nasi watoto tulijua kesho asubuhi ni marufuku kupiga kelele. Magitaa, tumba, tarumbeta, na saksafoni ambayo watu wa dansi waliiita mdomo wa bata. Wimbo ulianza taratibu, mwimbaji akamaliza malalamiko yake yote ya mapenzi, kisha likaingia chemko na viti vikabaki vitupu. Mpaka nafikisha miaka ishirini na mitano sikujua kwamba kuna jazz nyingine duniani.

Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi London, mpweke, na mwenye pesa ya kuhesabu. Siku moja, kwenye duka la santuri za mitumba, nikaona jalada limeandikwa Kiswahili: Mwandishi. Nilidhani ni la kwetu. Kumbe ni la Herbie Hancock, la mwaka 1971, enzi ambayo wanamuziki wa bendi yake walijipa majina ya Kiswahili. Mpiga tromboni Julian Priester aliitwa Pepo Mtoto. Nani alimwambia hilo ni jina la kumpa mtu mzima, sijui, lakini nilicheka peke yangu mle dukani. Muuzaji akaona nimependezwa, akaniambia kwamba huyo Pepo Mtoto alianzia Chicago katika bendi ya Sun Ra. Akanitolea santuri ya The Magic City, iliyorekodiwa 1965. Nikainunua kwa hela ya chakula cha siku mbili.

Upande wa kwanza una kipande kimoja tu, dakika 27. Niliweka sindano, nikasubiri wimbo uanze. Filimbi ilipita, kinanda kikanguruma, saksafoni zikaanza kugombana kama kuku waliomwona kicheche. Nikaendelea kusubiri. Mkenya niliyekuwa nikiishi naye akachungulia mlangoni akauliza kama kuna mtu ameumia. Nikaizima. Santuri ile ilikaa chini ya kitanda changu, ikahama nami nyumba nne, na kila nilipoifuta vumbi nilikumbuka njaa ya siku zile mbili.

Miaka kumi na mitano na ushei ikapita. Rafiki yangu mmoja alikuwa na tiketi mbili na mke mgonjwa, ndivyo nilivyoingia Cafe Oto, ukumbi mdogo wa Dalston usio na jukwaa la maana. Sun Ra mwenyewe alishafariki tangu 1993. John Gilmore, mpuliza saksafoni aliyeanza naye Chicago miaka ya hamsini na kukaa naye karibu miaka 40, alirithi uongozi akafa 1995. Aliyebaki na bendi, wenyewe huiita Arkestra, ni Marshall Allen, mzaliwa wa Louisville, Kentucky, aliyejiunga 1958. Usiku ule alikuwa ameshavuka miaka 85.

Waliingia mmoja mmoja, mavazi yanameremeta, kofia zimeshonewa vipande vya kung'aa, wengi wao watu wazima wa umri wa babu. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba saksafoni kubwa ya sauti nzito ilikuwa inchi chache tu kutoka goti langu. Kisha wakaanza, na ikawa kelele ileile ya mwaka 1994.

Ila sasa nilikuwa naona. Mzee Allen alisimama mbele yao, mkono mmoja umeshika chombo, mwingine unafanya kazi. Anakata hewa, tarumbeta zinanyamaza kwa pamoja. Anainua vidole viwili, wapulizaji wa kushoto wanapasuka kicheko cha shaba. Anamtupia jicho mpiga ngoma, huyo anajua aingie wapi. Ilipofika zamu yake mwenyewe, mkono wa kulia ukaacha kubonyeza vitufe na kuanza kuvipangusa, juu chini, haraka, kama mtu aliyepandwa na siafu, na saksafoni ikapiga ukelele uliofanya nywele zangu zisimame. Halafu akatabasamu. Ile fujo niliyoinunua kwa chakula changu ilikuwa imepangwa muda wote, tena na watu wanaofurahi. Santuri haikuwa imenionyesha nyuso.

Nikiwa bado nashangaa, wakageuza. Bila kutangaza chochote wakaingia kwenye muziki wa bendi kubwa wa miaka ya thelathini, wa kucheza mtu na mwenziwe, na watu wakacheza kweli pale palipokuwa na upenyo. Baadaye nilijifunza kwamba Sun Ra, akiwa Chicago mwaka 1946, alipata kazi kwa Fletcher Henderson, mmoja wa waliojenga muziki huo. Kwa hiyo haukuwa utani wa kuchangamsha ukumbi. Walikuwa wakipiga urithi wao. Waliovunja kanuni walikuwa wanazijua kwa moyo.

Na mwisho, jambo ambalo lilinimaliza. Walisimama, wakapanga mstari, wakaanza kutembea katikati yetu wakiimba kiitikio kimoja, wanazunguka meza, wanarudi, kofia zinameta, tarumbeta sikioni mwako kabisa. Nimeshaona hii, nikajiambia. Nimeiona Mombasa, kwenye harusi ya mama mdogo: beni! Sare, tarumbeta, ngoma, mwendo wa gwaride lenye dharau kidogo, na watu wanaofuata nyuma bila kuulizwa. Nilikuwa nimekwenda kusikiliza muziki wa wasomi nikajikuta nafuata beni.

Kesho yake nikampigia baba.

“Shikamoo baba. Jana nilikwenda jazz.”

“Marahaba. Jazz gani huko kwenye baridi?”

“Ya Wamarekani weusi. Wazee. Kiongozi wao anakuzidi umri.”

Akanyamaza kidogo. “Walipiga chemko?”

“Walipiga, baba.”

“Basi hiyo ni jazz.”

Tangu hapo nikawa mfuatiliaji. Nilisoma jinsi bendi ilivyohamia Philadelphia mwaka 1968, kwenye nyumba ya baba yake Allen mtaa wa Morton, wanamuziki wakaishi humo pamoja, wakifanya mazoezi saa yoyote Sun Ra aliyoamka na wazo. Nilimfikiria mwimbaji wetu Muhidin Gurumo, aliyetoka Nuta akaenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, kisha akarudi kundini. Kwetu mwanamuziki huhama. Ndiyo namna ya kudai mshahara, na sioni aibu ndani yake. Lakini jina ndilo lililohama kuliko watu wote: Nuta ikawa Juwata, Juwata ikawa OTTU, maana kila chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilipobadili jina bendi nayo ilibatizwa upya, na mwisho ikawa Msondo Ngoma. Neno jazz likaanguka njiani na hakuna aliyelia. Kule Philadelphia neno Arkestra na nyumba vilibaki.

Gurumo alifariki Aprili 2014. Mwezi uliofuata Allen alitimiza miaka 90, na Sun Ra, kama angekuwa hai, 100. Mwaka huohuo Arkestra ilikuja London, nami safari hii nilinunua tiketi yangu mwenyewe. Baba alikuwa ameshatutoka. Leo Allen ameshapita 100. Mwaka 2025 alitoa albamu ya kwanza yenye jina lake peke yake, New Dawn, na safari za mbali amewaachia wengine. Ile santuri ya The Magic City sasa naipiga upande wote, na binti yangu ndiye anayechungulia mlangoni.

Ila usiku ule wa 2014 bado alikuwa anatembea. Walipopanga mstari wa kuondoka nilisogea ukingoni mwa njia. Walipita wapiga ngoma, wakapita wa tarumbeta, kisha yeye, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, joho jekundu limemlemea mabegani, anapuliza macho yamefumba nusu. Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Nikajikuta nimeinamisha kichwa na kusema kwa sauti, katikati ya kelele zote zile, “Shikamoo mzee.”

Hakuitikia. Mdomo wa bata ulikuwa kinywani.