Masika, Mapenzi na Harufu ya Gari

Zanzibar wakati wa masika, Machi hadi Mei, gari la zamani linaota ukungu haraka sana. Corolla yangu ilinuka hadi mchumba wangu, mwenye pumu, akahamia daladala! Udi unafunika harufu tu, jamani. Ukungu unaishi kwenye unyevu. Nikanunua siki Darajani, mvua ilipokatika tukaenda Paje. Yeye chini ya mnazi akitoa amri, mimi nikang'oa kapeti: chini chepechepe! Nikasugua viti kwa siki na maji, nusu kwa nusu, nikaacha milango wazi juani hadi pakakauka. Kisha fundi akabadilisha mpira wa kioo uliokuwa ukivuja. Wapenzi, kabla ya kununua manukato, tafuteni maji yanapoingilia.