Mwenye Kihamba Yuko Dar es Salaam

Wanaokuja Marangu kutufanyia semina huanza kwa kutueleza kwamba hali ya hewa imebadilika. Sisi tunaolima tuliliona hilo kabla yao. Masika huchelewa, halafu mvua ya wiki nzima humwagika kwa siku mbili. Vuli hakuna tena anayeiamini kwa mahindi ya tambarare. Mibuni waliyopanda wakwe zetu kabla ya uhuru imezeeka, na magonjwa ya kutu ya majani na chulebuni yanaimaliza. La kufanya tunalijua pia. Semina hazigusi jambo moja: nani ana kauli ya kulifanya?

Mimi ni mjane, na kihamba, yaani shamba la nyumbani, ninachokitunza ni cha ukoo wa marehemu mume wangu. Migomba ni yangu. Tangu enzi za bibi zetu ndizi zilikuwa mkononi mwa mwanamke, yeye ndiye aliyelisha nyumba na kubeba mikungu sokoni. Kahawa ilikuwa ya baba, na fedha za chama cha ushirika ziliandikwa kwa jina lake. Baba akishafariki, mibuni ina wenyewe, na wenyewe, yaani shemeji zangu, wako Dar es Salaam.

Kituo cha utafiti cha TaCRI pale Lyamungu kimezalisha miche ya kahawa inayohimili magonjwa hayo mawili. Nilipompigia simu mkubwa wa shemeji zangu nikitaka kung'oa mistari michache nipande hiyo, alinijibu kwa upole: "Shemeji, kahawa ya mzee usiiguse. Tutaongea Desemba." Desemba wakaja wote. Kukawa na pombe ya mbege, ibada, kipaimara na harusi, na mibuni haikuzungumzwa. Simlaumu. Kwake ile ni kazi ya mikono ya baba yake, naye bado anamlilia.

Lakini tazama tunachobadilisha sisi tunaobaki: maharage ya muda mfupi, mboga, majani ya ng'ombe kingoni mwa shamba. Vyote ni vya msimu mmoja au miwili. Vya kutuvusha ni vya miaka: mibuni mipya, miparachichi, miruka ya kivuli, makinga maji. Nani atapanda mti mahali ambapo kesho anaweza kuambiwa aondoke? Na akiupanda, ukoo unaingiwa na hofu, maana mti ni alama ya umiliki.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Dunia inaiangalia barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyopungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na inauma kuitazama. Ila maji ya mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia, sehemu kubwa hutoka msituni, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti. Yakishafika kijijini yanagawanywa kwa zamu, na mambo ya mfongo tangu zamani yalikuwa ya wanaume. Nyumba isiyo na kijana wa kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, haina wa kuisemea, na wengi wa vijana wetu wako mjini. Zamu ya usiku wa manane ndiyo inayotubakia wajane. Niende na tochi peke yangu, au niache migomba ikauke?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Naiheshimu. Hata hivyo, kuwashtaki shemeji zangu kungewapotezea watoto wangu ukoo wao.

Kwa hiyo mwaka huu ombi langu ni jingine. Kihamba kibaki cha ukoo. Naomba kikao kiandike, mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi, kwamba mistari iliyo kando ya mfongo iko chini ya kauli yangu kwa miaka 15, na nitakachopanda hakuna atakayeking'oa. Shemeji wadogo wamekubali. Mkubwa anataka kwanza aione hiyo miche kwa macho yake, na akija nitampeleka Lyamungu.