Ukumbi na Kisima Chake

Penye mto watu hukutana mtoni. Penye bahari hukutana pwani, saa mashua zirudipo. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mto wala ziwa. Mvua inayonyesha juu yake huzama mchangani, ikaenda kutokea chini kabisa, kwenye chemchemi za miteremko inayotazama bonde la Ruvuma upande wa kusini na bonde la Lukuledi upande wa kaskazini. Kwa vizazi vingi, basi, watu wa Newala waliishi juu na maji yao yakaishi chini. Mwanamke alishuka alfajiri na mtungi mtupu, akapanda jua likiwa kali na mtungi uliojaa, na maji aliyoyaleta yalipimwa kwa kata kama vile wengine wapimavyo samli.

Wageni wengi wamestaajabia jambo hili. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 na chombo chake cha kunasia sauti, naye alishangaa kuona watu wamejenga mbali na maji kiasi kile. Jibu halikuwa gumu kwa wenyewe. Vichaka vya uwandani vilikuwa ngome. Wawinda watumwa, na baadaye vikosi vya Wangoni ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, walipita kwa urahisi zaidi mabondeni kuliko katika vichaka vile. Mtu akiambiwa achague baina ya kiu na mnyororo, haoni haya kuchagua kiu.

Naeleza haya kwa sababu ukumbi ninaotaka kuuzungumza hauwezi kufahamika bila ya kiu hiyo. Ni ukumbi wa kijiji kimoja kisichokuwa mbali sana na mji wa Newala, kijiji alichozaliwa mama yangu; na kwa kuwa sisi ni watu wa kuumeni, ndicho kijiji changu pia. Hapana, nimekosea kalamu: kwa wenzetu wengi wa pwani kuumeni ndiko kwenye ukoo. Kwetu sisi Wamakonde ukoo hufuata mama, na mjomba ana sauti ambayo baba hana. Basi ndiko kwetu kwa haki zote mbili.

Ukumbi wenyewe haupendezi machoni. Ni jengo refu la matofali ya kuchoma, madirisha yake hayana vioo, na sakafu imepasuka mahali pengi. Ulijengwa katika miaka ya 1970, baada ya watu kuhamishwa kutoka makonde yao na kukusanywa vijijini, wakati ambapo wito wa kujenga taifa ulisikika katika kila redio. Wanaume walifyatua matofali, wanawake wakateka maji ya kukandia udongo, na mabati yakanunuliwa kwa fedha za korosho. Nawaomba wasomaji wayatazame maji hayo ya kukandia. Tofali moja halijengwi bila maji, na kila tone lililoingia katika kuta zile lilipanda mteremko juu ya kichwa cha mtu. Wazee huwasifu wafyatuaji. Sijapata kusikia hotuba iliyowasifu wachotaji.

Lakini paa lile ndilo pana kuliko mapaa yote ya kijiji, na chini ya upande wake wa mashariki kuna kisima. Neno kisima huku halina maana ya shimo lililochimbwa mpaka likakuta maji. Ni shimo lililosakafiwa kwa saruji, likafunikwa, likangoja maji kutoka paani. Nyumba nyingi za Newala na Tandahimba zina visima vya namna hii, na mwenye bati zuri na gata nzima huhesabiwa kuwa na mali. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza kupandisha maji uwandani kwa pampu, na kwamba katika miaka ya 1970 Ufini ilisaidia kazi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mabomba yapo. Pampu, walakini, huharibika, umeme hukatika, na bomba lililokauka halimlaumu mtu aliyeweka akiba ya mvua. Kisima cha ukumbi ndicho akiba ya wote, nacho kina sheria moja iliyo nyepesi kutamka na nzito kushika: maji yake ni ya shughuli za watu wote na ya msiba wa yeyote, wala hayauzwi.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kupita hapa bila kusimama. Ukumbi kwa Kiswahili ni sebule au mahali pa mkutano. Kumbi, kama kamusi zetu zisemavyo, ni mahali pa kutahiria na kufundishia vijana. Mmakonde naye anayo likumbi, na mtoto wa kiume akitajiwa likumbi moyo wake hudunda. Mtu aliyezaliwa huku akisikia jengo la serikali likiitwa ukumbi, sikio lake halikosi kusikia ndani yake ile nyumba ya porini ambamo vijana huingia wakiwa watoto wakatoka wakiwa watu. Nadhani ndiyo sababu jina hilo halikupata taabu kukubalika, hali majina mengi yaliyoletwa na maofisa wa maendeleo yalikufa pamoja na mafaili yao.

Nchi hii ni kongwe pia katika habari za mikutano ya desturi na dini. Masasi, iliyoko chini ya majabali yake magharibi ya uwanda, ndipo Askofu Edward Steere alipoleta watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Ni yule Steere ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu chake cha sarufi. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hata 1944, hakuipiga marufuku jando, bali aliitwaa akaitia sala na mafundisho ya kanisa lake. Wataalamu wamelisifu na kulikosoa jambo hilo kwa maandishi mengi. Mimi nalitaja kwa jambo moja tu: hata mgeni mwenye madaraka aliona kwamba watu wa kusini hawakusanywi kwa tangazo, hukusanywa kwa majira.

Majira yenyewe ni haya. Mvua za kwanza huja mwishoni mwa mwaka, na toka hapo hata Aprili kila mtu yuko shambani. Ukumbi hulala, kisima hujaa. Kuanzia Juni mikorosho hupulizwa salfa kwa kuuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na vijana hurudi jioni nyuso zao zimekuwa za manjano. Ndio wakati wa ngoma. Siku hizi jando na unyago hufanywa aghalabu katika likizo za shule, kwa kuwa mwalimu na kungwi wamelazimika kugawana mtoto mmoja. Mambo ya ndani ya unyago siyasemi, na anayeyajua hatanilaumu. Naweza kusema yanayoonekana kwa kila mtu. Siku ya kutoka wali, ukumbi hujaa toka ukuta hata ukuta. Kanga mpya hunuka duka. Ngoma zimewekwa motoni zikazwe. Masufuria yamepangwa nyuma, na wanawake wasiopungua kumi wamesimama kwenye mdomo wa kisima, mmoja akivuta ndoo, wengine wakihesabu. Huhesabu kwa sauti. Hiyo ndiyo daftari yao.

Oktoba huja korosho, na pamoja nayo mizani, magunia, makarani na minada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi akangoja mnada; na mnada ufanyikapo kijijini kwetu, ni ukumbini. Nimewaona watu wazima wakikaa kimya kama wafanyao mtihani, wakisubiri bei isomwe. Novemba ya mwaka 2018, bei zilipokataliwa na serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, malori yalikuwa ya jeshi. Habari ile ilijadiliwa ukumbini usiku kucha, na kisima kikapungua kwa chai peke yake.

Msiba hauna majira. Huja siku yoyote, na bibi mwenye ufunguo huamshwa saa yoyote.

Huyu bibi, ambaye simtaji jina kwa kuwa hajanipa ruhusa, hakuchaguliwa na mkutano wala hapokei mshahara. Ufunguo aliupata kwa mama yake mkubwa. Yeye na wenzake sita au saba ndio wafagiao ukumbi, wapakao udongo penye nyufa, na waondoao majani katika gata kabla ya mvua, kwa sababu majani ya mwembe yakioza katika gata maji ya kisima hunuka mwaka mzima. Wasomi tuna neno la kazi yao: kujitolea. Neno hili lina jambo ndani yake. Katika kutoa, mtu hutoa kitu. Katika kutolea, hutoa kwa ajili ya mwingine. Katika kujitolea, kitu kinachotolewa ni mwenyewe. Sarufi haisemi anarudishiwa lini. Nalo neno hilo sasa limetiwa katika kazi nyingi ambazo zamani zingeitwa ajira bila malipo, mathalani vijana wenye shahada wanaofundisha shule mwaka hata mwaka wakiitwa walimu wa kujitolea. Kwa hiyo vijana wa kijiji walipoanza kulisikia neno hilo kwa mashaka, sikuona kuwa ni uvivu.

Shauri lilizuka katika msimu mmoja wa korosho, si miaka mingi iliyopita. Mfanyabiashara mmoja aliomba kuupanga ukumbi toka Oktoba hata Januari awe anawekea magunia. Kodi aliyoitaja ingetosha kubadilisha nusu ya mabati, nayo mabati yalihitaji kubadilishwa. Kutu ilikuwa imeanza kula, na kila tundu la bati ni ndoo inayopotea. Vijana wengi waliafiki. Walisema, na walisema vizuri, kwamba wao ndio wapandao juu ya paa, kwamba mwenzao mmoja alikwisha teguka mguu asipewe hata pole ya dawa, na kwamba kijiji kinachokataa fedha hakina haki ya kuwaomba nguvu za bure.

Wanawake hawakuzungumza mapema. Kwa desturi ya mikutano yetu waume husema kwanza, na aghalabu husema mpaka jua limekwisha. Bibi mwenye ufunguo aliposimama, aliuliza swali moja: "Wajomba zangu, na ufunguo atakuwa nao nani?" Akajibiwa kwamba mpangaji, bila shaka, kwa usalama wa mali yake. Akauliza la pili: "Na mtu akifa Desemba?"

Hapakuwa na mtu wa kulijibu hilo. Desemba ndiyo mwezi ambao visima vya nyumbani vimekauka na mvua haijatosha. Kisima cha ukumbi, kikitunzwa, huwa kimebakiwa na maji ya chini. Mwenye ufunguo wa ukumbi ndiye mwenye ufunguo wa uwanja, na mwenye uwanja ndiye mwenye kisima. Maiti angeoshwa kwa maji ya kuomba kwa mtu wa mizani. Mikono ilihesabiwa, ombi likakataliwa. Nilikuwapo, na ingawa sikuwa na haki ya kura kwa kuwa naishi kwingine, moyo wangu ulikuwa upande wa bibi.

Kushinda hakukumaliza jambo. Vijana hawakugomba wala hawakutukana. Waliacha tu kupanda. Mwezi wa Novemba ukaingia, gata zimejaa majani, na hapana aliyetokea na ngazi. Wale wanawake, ambao mdogo wao amepita miaka 50, walikaa kitako chini ya mwembe wakafanya hesabu. Katika mfuko wao wa unyago zilikuwamo fedha kidogo zilizobaki baada ya karamu. Wakamwita kijana mmoja, wakamlipa, akapanda akasafisha kwa siku mbili na kuziba matundu kwa lami. Kazi ilikuwa safi. Hata hivyo mmoja wao hakuridhika. Alinong'ona kwamba tokea siku hiyo kila jani litakuwa na bei yake, na kwamba wao wenyewe wanaofagia bila kitu wataonekana wajinga. Mwenziwe akamjibu kwamba kufagia hakuvunji mguu, na mguu uliovunjika una haki ya kudai. Naona wote wawili walisema kweli, na sijui chuo chochote kinachofundisha namna ya kuzipatanisha kweli hizo mbili penye gata moja.

Mwaka uliofuata kijana yule alipoitwa tena alikataa fedha. Aliomba badala yake ndoo mbili za maji kila juma kwa ajili ya mama yake aliye mgonjwa wa miguu, katika miezi ya ukame peke yake. Ombi hili liliwatia wanawake katika fikira kuliko kodi ya mfanyabiashara. Fedha zilitoka katika mfuko wao, na mfuko ni wao. Maji ni ya shughuli na ya msiba, wala mtu mmoja hajapata kuyachota kwa ajili ya jiko lake. Wengine walisema mgonjwa ni nusu msiba. Wengine waliuliza ni wagonjwa wangapi kijijini wana watoto wasiojua kupanda ngazi. Bibi mwenye ufunguo alisikiliza yote akichagua mawe katika mchele. Nilipomwaga asubuhi ile, nikielekea kituo cha basi la Mtwara, walikuwa hawajaamua, na wingu la kwanza lilikuwa limekwisha simama upande wa Ruvuma.